Kabla Hujalipia Nailoni ya Boksi la Enterprise

Boksi la kwanza nililonunua kwa bei ya kuumiza lilikuwa bado na nailoni yake ya kiwandani. Ndani mlikuwa na modeli ya plastiki ya kuunga mwenyewe, ya Enterprise, ile meli ya anga za juu ya tamthilia ya runinga Star Trek, toleo la miaka ya 1970 la AMT, kampuni ya modeli ya Marekani. Nililipa dola 140, na nikiwa mkweli, nyingi zilikuwa za hiyo nailoni. Plastiki niliikuta safi kabisa. Vibandiko vya kuloweka nikavitia kwenye bakuli la maji, nikageuka kuchukua kibano. Kurudi, namba za meli zinaelea vipande vipande kama maganda ya karanga.

Tangu siku hiyo nanunua maboksi yaliyofunguliwa. Nailoni humfurahisha anayetaka kuuza tena. Wewe unayetaka kuunga inakuficha kila kitu. Mwombe muuzaji apige picha ya vipande vyote mezani, na ya karatasi ya vibandiko karibu kabisa. Ukiona nyufa nyembamba kama nyuzi, teremsha bei.

Vibandiko vya zamani vinaokoleka mara nyingi, ila kwa subira. Kwanza viskani, ili vikifa uweze kuchapisha vingine. Kama vimegeuka njano, vitie kwenye mfuko unaoona ndani na uvibandike dirishani vikiangalia jua wiki mbili hivi, weupe hurudi. Kisha vipulizie vanishi isiyo na rangi, viache vikauke hadi kesho. Vanishi hiyo inafunika karatasi nzima, kwa hiyo kata kila kibandiko peke yake, na ujaribu kwanza kile usichokihitaji. Maji yawe ya uvuguvugu.

Ugonjwa wa pili wa Enterprise hii ni injini. Modeli ina urefu wa karibu sentimita 46, na yale mabomba mawili marefu ya nyuma yanashikwa na mikono myembamba inayoingia kwenye vitundu vidogo. Gundi pekee haiwezi. Yangu ya kwanza ilisimama vizuri mwezi mmodi, kisha mabomba yakaanza kulegea, meli ikafanana na kuku aliyenyeshewa. Siku hizi natoboa kwa kekee ya mkono, napenyeza kipande cha waya wa shaba ndani ya kila mkono, nafunga kwa epoksi na kuegemeza vitabu pande zote hadi asubuhi. Ikague kwa nyuma, usawa wa macho. Ukiitazama ubavuni itakudanganya.

Kama haja yako ni kuunga tu, usihangaike na uzee. Kampuni ya Round 2 ya South Bend, Indiana, inayatoa upya maboksi ya AMT, na vibandiko vipya vimo. Chini ya jina la Polar Lights walitoa pia Enterprise kubwa ya kipimo cha 1/350 mwaka 2012, inayozidi sentimita 80. Pima kabati lako kwanza.

Mimi raha yangu nimeipata kwenye mabovu. Naishi Michigan, jimbo walikokuwa AMT wenyewe, kule Troy, na Jumamosi za kiangazi watu hutandaza uani vyombo vyao vya zamani. Hapo unapata modeli iliyoungwa na mtoto miaka hamsini iliyopita, gundi imechuruzika, rangi imepakwa kama lami. Dola 12. Rangi za mafuta za zamani nazitoa kwa kuloweka kwenye mafuta ya breki, nikiwa na glavu, baada ya kujaribu mahali pasipoonekana. Viungo vya gundi iliyozeeka huachia ukivilaza kwenye friza usiku kucha. Si vyote, palipoyeyuka plastiki pameshikana milele. (Mwambie mwenzio mapema. Mke wangu aliikuta Enterprise imelalia sato.)

Ninayoishughulikia sasa ina tundu ukingoni mwa sahani, ile sehemu ya mbele ya meli iliyo bapa na duara, limeyeyushwa kwa kiberiti. Bila shaka mtoto mwenyewe alikuwa akicheza vita. Nilikwisha koroga puti ya kuziba nikakumbuka kwamba mwaka 1967 watengenezaji wa Star Trek walihitaji meli nyingine ya aina hiyohiyo, iliyoshambuliwa hadi ikabaki gofu. Walichukua boksi la AMT kama langu, wakaiunga, wakaichakaza, na namba ya Enterprise, 1701, wakaipangua isomeke 1017. Ndiyo Constellation uliyoiona kwenye runinga.

Puti nimeitupa. Tundu limebaki, nimelipaka masizi kidogo pembeni, na jana usiku nimebandika 1, 0, 1, 7.