Ukitazama The Big Trail, angalia nyuma ya John Wayne

Wengi huifungua filamu hii ya mwaka 1930, ya msafara wa walowezi wa Marekani wanaohamia Oregon kwa magari ya kukokotwa na wanyama, ili wamwone John Wayne akiwa kijana wa miaka 23, katika nafasi yake ya kwanza ya nyota. Nusu saa haijaisha wameshaizima. Waigizaji wanatamka kana kwamba wako jukwaani, na kisa chenyewe cha kulipiza kisasi unajua mapema kitaishia wapi. Mimi huirudia mara kwa mara, na kila nikiirudia naipenda zaidi. Kwa hiyo nakuomba usiikatie tamaa mapema.

Kwanza tafuta nakala pana. Mwongozaji Raoul Walsh aliipiga kwa kamera za aina mbili: za kawaida za milimita 35, na za milimita 70 zilizoitwa Grandeur. Wenye kumbi za sinema walikuwa ndiyo kwanza wamegharamia mitambo ya sauti, na mdororo wa uchumi ukawakuta hapohapo; nani angenunua tena projekta na skrini mpya? Karibu watazamaji wote wa wakati ule wakaishia kuona ile nyembamba, na filamu ikala hasara. Wayne naye akaangukia kwenye filamu za bei rahisi hadi 1939. Kuzitofautisha ni rahisi: nakala pana ina urefu wa kama saa mbili, nayo huacha mistari myeusi juu na chini ya televisheni. Ukiiona mistari hiyo kushoto na kulia, endelea kutafuta. Na tafadhali, usiitazame kwenye simu.

Ukishaipata, mwache Wayne azungumze, wewe tazama kule nyuma yake. Msafara wote unaonekana, hadi magari ya mbali kabisa yaliyofunikwa turubai: watu wanapakia mizigo, ng'ombe wanaswagwa, vumbi linatimka. Halafu linakuja lile genge, ukingo wa mwamba ulioporomoka wima. Magari, mifugo na watu wanateremshwa kwa kamba, mmoja baada ya mwingine. Hakuna kompyuta pale. Uzito ni uzito kweli, na unauona kwenye mikono ya wanaoshikilia kamba. Sehemu hiyo peke yake inatosha kukukalisha saa mbili.

Jambo moja linanisumbua, nalo ni Wenyeji wa Amerika. Shujaa ana marafiki miongoni mwao, lakini filamu haiwaulizi chochote kuhusu nchi inayopitiwa, na shambulio dhidi ya msafara limepewa nafasi kubwa. Katika njia halisi ya kwenda Oregon, yenye urefu wa kilomita 3,200 hivi, kipindupindu na ajali viliua wasafiri wengi kuliko mashambulizi. Makabila ya Wenyeji kama Lakota na Shoshone ndiyo yaliyopoteza ardhi. Ukiwa na watoto, simamisha filamu magari yanapopangwa duara kujikinga na shambulio, uwaeleze hayo, kisha mwendelee.