Ukuta Niliouvunja kwa Ujuaji Wangu

Juzi usiku msomaji mmoja alinitumia picha ya ukuta uliochorwa alama kubwa ya X kwa mkaa. Chini yake akaandika: "Kaka, Jumamosi tunauangusha huu, sebule na jiko viwe kitu kimoja. Fundi ameugonga, anasema ni mtupu, haubebi kitu. Unaonaje?"

Tumbo lilinikata. X kama hiyo niliichora mwenyewe miaka sita iliyopita, na nilijipiga picha nimesimama mbele yake, nyundo begani.

Najua unayesoma hapa unataka nilichokitaka mimi: mwanga uingie dirisha la mbele utokee la nyuma, anayepika aongee na wageni bila kupiga kelele. Sikukatazi. Mimi mwenyewe leo ninayo sebule hiyo, na anayeingia mara ya kwanza lazima asimame kidogo mlangoni. Ila nilivyoipata sivyo unavyodhani.

Nyumba yetu ni ya ghorofa moja: chini sebule na jiko, halafu slabu ya zege, juu vyumba vya kulala. Katikati ya chini palikuwa na ukuta wa tofali wa mita 4. Siku ya kuchora X, shemeji yangu, mtu wa mahesabu ya ofisini ambaye hajawahi kushika mwiko, aliuliza: "Na ule ukuta wa juu umekaa juu ya nini?" Nikamjibu, "Shemeji, hapa tunaongea ujenzi." Maneno hayo ninataniwa nayo kila sikukuu mpaka leo, na kusema kweli bado yananiuma.

Fundi wangu naye aligonga. Aligonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio kama daktari, akatoa hukumu: mtupu. Nisikilize vizuri hapa. Kugonga kunakuambia kama tofali lina tundu au limejaa, basi. Tofali la tundu linabeba slabu miaka na miaka bila kulalamika. Unene nao si ushahidi. Kuna kuta nyembamba zilizobeba na kuta nene zilizojengwa kwa urembo tu.

Tulianza asubuhi. Ilipofika saa saba tulikuwa na tundu la karibu mita 2 katikati ya ukuta, vumbi jeupe hadi kwenye kope. Nilipanda juu kuchukua maji. Mlango wa chumba cha watoto, ambao siku zote ulikuwa unafungwa kwa kidole kimoja, ukagoma. Nikausukuma kwa bega. Ulikuwa unakwaruza sakafu, na kwenye kona ya fremu lipu ilikuwa imepasuka ufa mwembamba kama unywele. Nikashuka haraka. Chini ya slabu, pale pale tulipotoa tofali, palikuwa na ufa mwingine, na wakati nautazama nikasikia mlio kama kijiti kikavu kinavunjwa.

Fundi alishasogea mlangoni. Sikumlaumu kwa hilo. Ninachomlaumu ni kwamba alitoka kwenda kutafuta mirunda ya kuegemezea na hadi leo hajarudi.

Mirunda tuliisimamisha mimi na jirani, huku watoto wamekwishapelekwa kwa bibi yao. Mmoja tuliusimamisha moja kwa moja juu ya kigae. Kigae kikapasuka, mrunda ukalegea, ikabidi tuuweke upya juu ya ubao mnene.

Kesho yake alikuja mhandisi. Hakuniuliza kitu. Alipima, akachukua mfuko mtupu wa saruji, akaandika juu yake kwa penseli. Slabu ni sentimita 15. Zege lenye nondo ni kama kilo 2,500 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo kila mita ya mraba ya slabu ni kilo 375. Ukuta wa mita 4 ulikuwa umebeba mita 2 za slabu upande huu na 2 upande ule: mita za mraba 16. Tani 6. "Na hii ni hesabu ya chini," akasema, "sijaweka ukuta wa juu, vitanda wala watu." Mfuko ule ninao, nimeuwekea fremu.

Kilichonifungua macho zaidi ni nondo. Kumbe slabu inayopita juu ya ukuta wa kati hupangwa ikiutegemea ukuta huo. Pale juu yake nondo nyingi hukaa upande wa juu wa zege, kwa kuwa ndiko linakovutwa. Ukiondoa ukuta, mvuto unahamia chini, mahali ambapo hakuna aliyeutarajia. Ndiyo maana ufa wangu ulitokea chini, na ndiyo maana kusema "slabu ina nondo, haiwezi kuanguka" ni maneno ya kujipa moyo. Tena kushuka kwa bimu, yaani mhimili unaobeba mzigo juu ya nafasi tupu, hakukui sawasawa na urefu: bimu ile ile, yenye mzigo ule ule kwa kila mita, ukiirefusha mara mbili inashuka mara 16.

Mengine nayafupisha. Tuliweka jeki za chuma pande zote mbili za ukuta, juu yake mbao ndefu, chini yake mbao nene. Tukachimba na kumwaga misingi miwili mipya, maana mzigo uliokuwa umetandazwa mita 4 sasa ulikuwa unashukia kwenye vituo viwili. Zikasimama nguzo, ikapandishwa bimu ya chuma. Nafasi kati ya bimu na slabu ikashindiliwa mchanganyiko wa saruji wenye maji machache sana. Jeki hatukuzitoa siku hiyo wala kesho yake. Zilipofika siku zake zililegezwa kidogo kidogo kwa mkono, wote kimya, masikio juu. Kama bimu yako ni ya zege, uvumilivu ni zaidi: nguvu ya zege hupimwa rasmi siku ya 28, si siku fundi anayotaka kuhamisha jeki kwenda kazi nyingine.

Sasa niseme na ninyi mnaoharakisha. Mnatafuta vigae miezi mitatu, mnabishana rangi ya makabati, halafu ukuta unaoshikilia watoto wenu mnauamua kwa kifundo cha kidole! Mwite mhandisi. Tarehe 16 Mei 1968, katika jengo la Ronan Point jijini London, la ghorofa 22, gesi ililipuka kwenye ghorofa ya 18 na kusukuma nje kuta zilizobeba. Kona nzima ya jengo ikaporomoka, watu 4 wakafa. Jengo lilikuwa jipya. Kuta zenyewe zilizosukumwa ni za nyumba moja tu.

Na nyumba isiyo na ghorofa msijidanganye nayo. Panda darini na tochi. Kama kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zinatoka ukuta wa nje hadi ukuta wa nje bila kugusa katikati, afadhali. Ukikuta miguu ya mbao imesimama juu ya ukuta wa ndani, huo unabeba. Na hata usiobeba chochote huenda ndio unaozishika kuta ndefu zisiyumbe kwa upepo. Kwa hiyo, narudia, mwite mhandisi, na kibali ukifuate kabla ya nyundo.

Yule msomaji nimemwandikia jana: futa X. Pima kwa futi kutoka ukuta wa nje hadi huo wa chini, kisha panda juu upime hivyo hivyo hadi ukuta wa juu. Nambari zikifanana, mwambie fundi Jumamosi apumzike. Zisipofanana pia apumzike, mpaka mhandisi aje.

Tiki mbili za bluu zimetokea tangu jana saa tatu usiku. Jibu bado.