Mita nane za nini, wadogo zangu?

Jumamosi nimepita Ilazo, hapa Dodoma, nikakuta vijana wangu wawili wametandaza uani tanga la windisafu, ule mchezo wa kusimama kwenye ubao wenye tanga baharini, la mita za mraba 8, lenye zile plastiki za kubana mlingoti. Mwenye tanga ana kilo 62 na hanesi, ule mkanda wa kujishikiza kwenye tanga, kaanza kuivaa juzi. "Kaka, kubwa si ndiyo lina nguvu?" Nikaomba maji ya kunywa kwanza.

1. Kilo 62 kwenye kusi ya Kigamboni, tuseme kilomita 28 kwa saa, chukua tanga la 5.8 na ubao utateleza juu ya maji. Mimi wa kilo 80 ndiye natafuta 7.5. Wala usipimie upepo huku Dodoma. Hapa vumbi likikuingia machoni unaona dhoruba.

2. Plastiki waachie wanaoshindana. Mfuko wa mlingoti ni mpana, ukianguka unajaa maji, na kulinyanyua hilo tanga ni sawa na kuvuta ng'ombe kisimani.

3. Someni namba zilizochapwa chini ya tanga. Hapa nina kovu. Tanga langu la kwanza, 6.5 la mtumba, liliandikwa joshi, yaani urefu wa ukingo wa mbele, sentimita 464. Mlingoti wangu 430, kwa hiyo kirefusho, kile kipande cha kuongezea mlingoti chini, kilitakiwa 34. Nikaweka 26, nikavuta kamba ya chini mpaka kitambaa kikanyooka, nikaacha. Nilihurumia kukichana! Nikalisimamisha uani, jirani akalisifia, limenyooka kama shuka la hotelini. Kumbe tanga lililovutwa sawasawa huonekana baya nchi kavu: juu, ukingo wa nyuma umelegea unapepea. Ulegevu ule ndio unaoachia upepo wa ghafla upite. Langu halikuachia kitu. Kigamboni, mpigo wa kwanza wa upepo tumbo la tanga likahamia nyuma, mkono wa nyuma ukataka kung'oka, nikarushwa. Nikapanda, nikarushwa. Mara ya sita nikabaki nimekumbatia ubao, ufukwe unazidi kuwa mdogo. Walionipata ni wavuvi wa ngalawa. Mzee mmoja akaligonga tanga kwa kidole, akacheka: "Mwanangu, hii ngoma au tanga?" Nusu saa ya kuvutwa, nikisikiliza maoni kuhusu watu wa bara.

4. Mkinunua la pili, liachane na la kwanza kwa mita moja au moja na nusu.

Na hilo la nane nimeliacha saa tatu asubuhi, jioni napita bado limeanikwa ukutani. Plastiki ile angavu ya tanga inaliwa na jua. Likunjeni basi, mtaliuza nini?