Shangazi, nimrudishe kijana wangu Makete?

Mama wa huko Mwanjelwa, Mbeya, barua yako nimeipata. Wewe na mume wako mlishuka kutoka Makete mkiwa vijana, mkaanza kwa kubeba mizigo ya watu sokoni, leo mna duka. Kijana wenu wa kidato cha tatu mkimsemesha Kikinga anajibu Kiswahili, Krismasi amegoma kwenda kijijini, na baba yake ameamua ahamishiwe kwa babu akafunzwe adabu. Unauliza kama ukubali.

Usikubali.

Umetaja kwa kupita tu kwamba yeye ndiye anayefunga hesabu za duka kila siku saa tatu usiku, na babu akiumwa humtumia hela ya dawa kwa simu, wakati mwingine kutoka akiba yake. Mama, bidii na kumjali mzee ndivyo mlivyotoka navyo Makete, na mtoto anavyo! Kikinga angejifunza kwa nani? Nyinyi mlikuwa dukani tangu alfajiri, yeye akakua na watoto wa Kinyakyusa, Kisafwa na Kindali, ambao wakikutana huongea Kiswahili.

Hofu yangu iko kwenye hiyo saa tatu usiku. Mwaka 1999 Andrew Fuligni na wenzake walichapisha utafiti wa vijana zaidi ya 800 wa sekondari huko Marekani, wengi wao watoto wa wahamiaji. Waliothamini wajibu kwa familia walielewana vizuri zaidi na wazazi na walikuwa na ari ya kusoma. Lakini waliouweka wajibu huo juu kupita wote, alama zao hazikuwashinda hata wale walioujali kidogo kabisa. Wenu anakaribia mtihani wa kidato cha nne. Atoke dukani jioni mapema, hesabu afunge baba.

Na kuna aliyemuuliza kwa nini hataki kwenda kijijini? Barua haisemi. Huenda binamu zake humcheka kwa kutojua lugha, jambo linalowaumiza sana watoto waliozaliwa mjini. Kama ndivyo, likizo ya Juni aende kwa babu wiki moja, wawe wawili tu, na isiitwe adhabu. Kabla hajaondoka, baba yake amsimulie mlivyoanza, pamoja na zile aibu za mwanzo ambazo nahisi hamjawahi kumwambia.

Mume wako akishikilia msimamo, mpelekee kaka yake mkubwa neno hili, kisha uniandikie tena.