Iache sabuni ya kunyolea ikauke kabla ya kuifunika

Sabuni yangu ya kwanza ya kunyolea, ile ngumu ya kusugua kwa brashi, niliiharibu kwa kuitunza mno. Kila nikimaliza kunyoa niliifunika palepale, povu likiwa bado juu, ili isiingie vumbi. Nikasafiri wiki tatu. Niliporudi na kufungua kibakuli, nilikuta vidoa vya kijivu vyenye manyoya vimetanda juu yake, na harufu ya tambara lililolala majini. Nikaitupa yote.

Siku hizi naisuuza kidogo kuondoa povu, nainamisha kibakuli maji yachuruzike, kisha nakiacha wazi hadi kesho yake. Sikiweki bafuni, maana mvuke wa kule hauipi sabuni nafasi ya kukauka. Ukiikuta imetoa vitone kama jasho, usishtuke. Sabuni hizi aghalabu huwa na gliserini nyingi, nayo huvuta unyevu wa hewani. Ifute tu.

Ukiachilia mbali ukungu, kuna kuchacha. Sabuni hutokana na mafuta yaliyochanganywa na alkali, na watengenezaji wengi huacha kwa makusudi mafuta kidogo yasiyogeuka ili ngozi isikauke. Hayo ndiyo huchacha kwanza. Utaona madoa ya rangi ya chungwa, na ukiinusa utapata harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyokaa siku nyingi. Mafuta ya nazi na shahamu ya ng'ombe huvumilia, ya alizeti huwahi kuharibika. Joto na mwanga huharakisha mambo, na chuma na shaba pia, kwa hiyo mimi hutumia kibakuli cha kauri. Kioo nacho kinafaa. Cha mbao ni kizuri machoni, ila kulowa na kukauka kila siku hukipasua.

Sasa, inadumu muda gani? Ile ngumu iliyoshindiliwa ina maji machache sana, na ikiwekwa pakavu hukaa miaka. Nina moja iliyolala kwenye droo miaka sita ndani ya karatasi yake. Harufu ya limau ilikuwa imekwisha kabisa (manukato ya jamii ya machungwa ndiyo huwahi kupotea), lakini povu lilijaa kama la sabuni mpya. Krimu ni jambo jingine. Ina maji mengi na hutegemea vihifadhi, kwa hiyo fuata kifungashio: ukiona mchoro wa kopo lililo wazi wenye 12M, maana yake ni miezi 12 tangu uifungue.

Kuhusu matumizi, niliwahi kuweka sabuni yangu kwenye mizani mwanzo na mwisho wa mwezi nikagawanya. Ilitoka kama gramu 1 kwa kila kunyoa. Kipande cha gramu 100, kwangu ninayenyoa mara tatu kwa wiki, kinanifikisha karibu miezi minane.

Iliyochacha usiipake, hata kama bado inatoa povu, maana ngozi iliyotoka kupitiwa na wembe huwashwa upesi. Lakini iliyokauka tu na kupasuka nyufa, usiitupe. Imwagilie maji ya uvuguvugu yaifunike, subiri dakika tatu, yamwage, kisha zungusha brashi iliyolowa juu yake hadi povu liwe zito.