Pilau inanukia vizuri: majibu kwa wasomaji wanaosumbuliwa na vivumishi na vielezi vya Kiingereza

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kuchagua kati ya kivumishi na kielezi katika Kiingereza. Nimechagua chache. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayogusa mzizi wa tatizo kwa sisi tunaowaza kwa Kiswahili.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwongoza watalii hapa Zanzibar. Wiki iliyopita niliwapeleka wageni kula chakula cha mchana Mji Mkongwe, na sufuria ya pilau ilipofunuliwa nikasema, "The pilau smells nicely." Bibi mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Uingereza, akanirekebisha kwa upole kwamba ni "smells nice". Shuleni tulikaririshwa kuwa kivumishi hueleza nomino na kielezi hueleza kitenzi, na "smells" ni kitenzi. Hata kwa Kiswahili tunasema pilau inanukia vizuri, wala hakuna anayesema inanukia nzuri. Je, aliyekosea ni bibi yule au ni mimi?

Jibu: Marahaba. Bibi yule alikuwa sahihi, ingawa kosa lako ni la mtu aliyesoma na kushika alichofundishwa. Kanuni uliyokaririshwa ni ya kweli, ila walikupa nusu yake.

Tazama kwanza lugha yetu inavyofanya. Pilau inanukia, lakini wewe unainusa. Mgeni anaonekana, lakini wewe unamtazama. Kwa Kiswahili hayo ni mambo mawili yenye vitenzi viwili tofauti: kimoja kinaeleza hali ya kitu, na kingine kinaeleza tendo linalofanywa na mwenye pua au macho. Kiingereza hakikujaliwa utajiri huo. Neno "smell" linabeba kunukia na kunusa, "look" linabeba kuonekana na kutazama, na "taste" linabeba kuwa na ladha na kuonja. Msikilizaji atajuaje ni lipi linalokusudiwa? Mara nyingi neno linalofuata ndilo linalomwambia. Likiwa kivumishi, anaelewa kwamba linasifu kiima, yaani kile kinachozungumziwa; likiwa kielezi, anaelewa kwamba kuna tendo, na kwamba anaelezwa lilifanywa vipi.

Kwa hiyo "She looked angry" maana yake ni kwamba alionekana mwenye hasira, lakini "She looked angrily at the waiter" maana yake ni kwamba alimtazama mhudumu kwa hasira. Vivyo hivyo, mchuzi wenye ladha nzuri "tastes good", lakini mpishi mwangalifu "tastes it carefully". Ukitaka njia ya haraka ya kujipima, ondoa kitenzi na uweke "is" mahali pake. "The pilau is nice" inakubalika na maana haijaenda mbali, kwa hiyo kivumishi ndicho kinachotakiwa. Lakini huwezi kusema "She is angrily at the waiter", kwa hiyo pale kielezi kibaki. Njia nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kujiuliza ungetumia kitenzi kipi cha Kiswahili: ikiwa ni kunukia au kuonekana, weka kivumishi cha Kiingereza hata kama sisi tungesema "vizuri", ikiwa ni kunusa, kutazama au kuonja, weka kielezi.

Kwa bahati hukusema "The pilau smells well", kwani hapo ungekuwa umeisifu kwa kuwa na pua kali, sifa inayomfaa mbwa wa polisi.

Neno "well" lenyewe lina ujanja wake, kwa sababu linapohusu afya huwa ni kivumishi. Ukimwambia mgeni "You look well", umemwambia kwamba anaonekana mzima, pengine baada ya kuugua. Ukimwambia "You look good", umemwambia kwamba amependeza. Na usione haya kuhusu kosa lako, maana hata baadhi ya wenye lugha yao husema "I feel badly" wanapotaka kueleza kwamba wanasikitika. Hofu ya kukosea ndiyo inayowasukuma kubandika "-ly" mahali ambapo "bad" ingetosha.

Swali: Mimi ni kijana wa Mwanza ninayetafuta kazi. Katika barua ya maombi niliandika, "In my last job I worked hardly and I never arrived lately." Rafiki yangu alipoisoma alicheka mpaka akatokwa na machozi, lakini alishindwa kunieleza kosa liko wapi. Nifanyeje?

Jibu: Rafiki yako alicheka kwa sababu ulijishtaki mwenyewe mbele ya mwajiri. "Hardly" haina uhusiano na bidii. Maana yake ni "kwa nadra" au "karibu si kabisa", kwa hiyo msomaji anadhani unamweleza kwamba kazini ulikuwa huinui hata kalamu. "Lately" nayo haimaanishi kuchelewa, bali "siku hizi za karibuni". Andika hivi: "In my last job I worked hard and I never arrived late."

Unaweza kuuliza kwa nini "quick" inapata "quickly" lakini "hard", "late" na "fast" zinabaki kama zilivyo. Jibu limo katika historia. Katika Kiingereza cha kale, kilichozungumzwa hadi karibu mwaka 1100, njia ya kawaida ya kuunda kielezi ilikuwa kuongeza irabu "e" mwishoni mwa kivumishi, hivyo "heard", yaani ngumu, ikawa "hearde", yaani kwa nguvu. Vivumishi vingine vilikuwa na kiambishi "-lic", na vilipoongezewa irabu hiyohiyo vikawa na mwisho "-lice". Karne zilizofuata irabu hiyo ya mwisho ilififia mpaka ikaacha kutamkwa, na matokeo yake "hearde" ikafanana na kivumishi chake, wakati "-lic" na "-lice" zote zikaishia kuwa "-ly".

Historia hiyo inaeleza mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, "hard" na "fast" ni vielezi halali ambavyo havihitaji kuongezewa kitu chochote. Pili, si kila neno lenye "-ly" ni kielezi: "friendly", "lonely" na "cowardly" ni vivumishi. Usiandike "He greeted me friendly", wala usijaribu kuunda "friendlily", neno ambalo kamusi zinalo lakini ulimi unalikataa. Sema "He greeted me in a friendly way", yaani alinisalimu kirafiki. Hapa kiambishi chetu cha "ki-" kinawashinda kwa urahisi, lakini ndivyo walivyo.

Swali: Mwalimu, nilimwambia mwalimu wetu "I am boring" nikimaanisha kwamba somo limenichosha, na darasa zima likacheka. Mwanafunzi, Eldoret.

Jibu: Ulijiita mtu anayechosha. Rudi kwenye Kiswahili chako: somo linachosha, mwanafunzi amechoshwa. Kinachochosha ni "boring", aliyechoshwa ni "bored". Utaratibu ni huohuo kwa "confusing", yaani jambo linalochanganya, na "confused", yaani mtu aliyechanganyikiwa. Hata hivyo, nakushauri usimwambie mwalimu wako lolote kati ya hayo mawili.

Swali: Binti yangu aliandika "more better" kwenye insha, na mwalimu akalikata kwa wino mwekundu. Mjomba wake, ambaye ni msomaji mkubwa wa tamthilia, anasema Shakespeare mwenyewe aliandika hivyo. Tumwamini nani? Mzazi, Dar es Salaam.

Jibu: Mjomba hasemi uongo. Katika Julius Caesar, tamthilia yake ya mwaka 1599 hivi ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili, Antonio analiita pigo la Brutus "most unkindest", yaani ameweka alama ya upeo mara mbili. Enzi ile ilikuwa njia ya kutia mkazo, na haikumshangaza mtu. Baadaye wanasarufi walikuja kuikataa, mmoja wao akiwa Robert Lowth, kiongozi wa dini wa Uingereza aliyechapisha kitabu chake cha sarufi mwaka 1762. Tangu wakati huo maandishi rasmi yanataka alama moja tu: ama umbo la neno, kama "better" au "cheaper", ama "more" mbele ya neno refu, kama "more expensive".

Binti yako hakumwiga Shakespeare bali amefuata Kiswahili. Kwetu kivumishi chenyewe hakibadiliki kwa ajili ya kulinganisha. Tunaongeza "zaidi" au "kuliko", na "bora zaidi" ni Kiswahili safi, kwa hiyo naye akaitafutia "zaidi" nafasi yake. Akitaka kutia mkazo, aandike "much better", ambayo haikatazwi na mtu yeyote. Wino mwekundu ulikuwa wa haki, kwa sababu msahihishaji wa mtihani hatoi alama kwa heshima ya mwaka 1599.

Swali: Naomba kujua tofauti ya "very" na "too". Halafu nakuaga kwa Kiingereza: I like very much your column. Msomaji, Mombasa.

Jibu: Ahsante, nami naanza na salamu yako ya kuaga. Kwa Kiswahili "naipenda sana safu yako" iko sawasawa, kwa kuwa kielezi chetu hukaa vizuri mara tu baada ya kitenzi. Mwingereza hapendi mgeni akae kati ya kitenzi na kitendwa chake, kwa hiyo "very much" ipeleke mwisho: "I like your column very much."

Ama kuhusu swali lenyewe, "very" ni "sana", na "too" ni "kupita kiasi", ile "mno" ya malalamiko. Chai iliyo "very hot" utaipuliza kidogo na kuinywa. Iliyo "too hot" utaiweka chini usubiri. Wengi wetu husema "I am too happy" tukimaanisha furaha tele, na Mwingereza akasubiri aambiwe furaha hiyo imeleta hasara gani. Ungeniandikia kwamba safu hii ni "too long", ningeelewa kwamba niache kuandika hapa.