Gari la spoti linaficha nyuma: anza na vioo
Umeuliza ufanyeje uone magari ya nyuma na pembeni ukiendesha gari la spoti, maana nguzo nene za nyuma (zile zinazoshika paa) na dirisha jembamba zinakufichia magari. Kabla hujanunua chochote, rekebisha vioo vya pembeni. Egemeza kichwa kwenye dirisha la dereva, kisha sukuma kioo cha upande huo kwenda nje hadi ubavu wa gari lako uonekane kidogo tu. Kwa kioo cha upande wa pili, inamia katikati ya gari ufanye vivyo hivyo. Ukikaa sawa hutauona ubavu kabisa. Wengi hushtuka hapo wakavirudisha, tafadhali usivirudishe.

Kipimo ni hiki: gari linalokupita likianza kutoka kwenye kioo cha ndani, liwe limeshaingia cha pembeni, na kabla halijaisha humo ulione kwa macho dirishani. Likipotea katikati, kioo bado kimeelekea ndani mno.

Hata hivyo geuza kichwa kabla ya kuhama njia, pikipiki hupenya popote. Kwenye makutano ya mshazari, nyoosha gari likabili barabara, la sivyo nguzo itaziba upande mzima. Kuegesha, ingia kwa rivasi, ili ukitoka uwe unatazama mbele. Kamera ya nyuma inasaidia, ila lenzi hushika tope haraka, ifute.